Bandari Hulindwa Kuanzia Baharini

Hotuba kwa wavuvi, mabaharia na vijana, Likoni, Mombasa

Assalaam alaykum. Ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu wachuuzi wa samaki, manahodha, vijana wa vikundi vya ufuo, na nyinyi maofisa mliokuja na sare zenu, nawashukuru kwa kufika. Najua wako humu walioacha vyombo vyao vimefungwa na maji yamekaa vizuri, wakaona waje kwanza wasikilize. Ahsanteni.

Wenye mkutano wameniomba nieleze jinsi Walinzi wa Pwani wanavyoilinda bandari yetu. Mimi nimefanya kazi kwenye tagi pale Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, mpaka nikastaafu. Kazi ya tagi ni kuvuta na kusukuma meli za watu, lakini pia ni kazi ya macho. Ukiwa sitahani usiku wa manane ukingoja meli, unaona nani anapita wapi, nani amewasha taa na nani amezima, nani anavua na nani anajifanya anavua. Niliyoyaona huko yamenifikisha kwenye jambo moja, nalo ndilo lililonileta hapa. Bandari hii ina ukuta, ina mageti, ina kamera na mbwa wa kunusa. Vyote hivyo ni vizuri. Lakini kinachoilinda zaidi ni kule kuaminiana kati ya askari aliye kwenye boti ya doria na mvuvi aliye kwenye mtumbwi. Hilo likikosekana, vingine vyote havitoshi.

Tuanze na mlango wenyewe.

Nyote mmekaa ufukoni pale Mama Ngina jioni, mihogo mkononi, mkatazama meli ikiingia. Inatoka nje kwenye boya la kwanza, inakata kona chini ya Ras Serani, inapita kati ya kisiwa na sisi huku Likoni, karibu hata unaweza kusoma jina lake bila darubini. Meli zote za Kilindini hupita hapo hapo, kubwa na ndogo. Njia ile ilipochimbwa mwaka 2011 na 2012 ilipewa kina cha mita 15 na upana wa mita 300. Sasa fikirini: kuna meli zinazoingia humu ambazo urefu wake unakaribia upana huo wa njia. Moja ikilala pale kwa ubavu, iwe ni kwa ajali au kwa mkono wa mtu, Kilindini imefungwa. Na mlango wa pili wa kuingilia hatuna.

Ikifungwa Kilindini, hatufungwi sisi peke yetu. Mwaka 2024 bandari yetu ilipitisha zaidi ya tani milioni 41 za mizigo, na kontena zapata milioni mbili ukizihesabu kwa kipimo cha futi 20. Mzigo huo ni wa Nairobi na Kisumu, lakini pia ni wa Kampala, Kigali, Juba, na Goma kule Kongo. Pale Kipevu kuna gati jipya la mafuta, lile lililojengwa katikati ya maji na kufunguliwa Februari 2022, linaloweza kuhudumia meli nne za mafuta kwa wakati mmoja. Bodaboda wa Kampala anapojaza tangi lake asubuhi, petroli ile imepita mbele ya macho yenu hapa Likoni. Kwa hiyo tunapozungumzia ulinzi wa mlango huu, tunazungumzia chakula na dawa za watu ambao hata bahari hawajawahi kuiona.

Sasa Walinzi wa Pwani ni nani?

Zamani, kila idara ilikuwa na chombo chake na mpaka wake. Jeshi la Wanamaji na kazi yao, polisi na yao, forodha na yao, uvuvi na yao, wanyamapori na yao katika mbuga za baharini, halafu Mamlaka ya Bahari na Bandari nazo na zao. Mvuvi akiona jambo baya usiku, hajui ampigie nani. Akipiga huku anaambiwa si kwetu, jaribu kule. Ndiyo maana Bunge likapitisha sheria mwaka 2018, na tarehe 19 Novemba mwaka huo huo kikosi kikazinduliwa rasmi pale Liwatoni, pamoja na meli yake ya doria, MV Doria. Sheria ile imewapa mamlaka ya kusimamisha chombo, kukipanda, kukipekua na kukamata. Imewapa kazi ya kuzuia magendo ya dawa za kulevya, silaha na binadamu, kuokoa watu, kuzuia uchafuzi wa bahari, kulinda samaki, na kulinda bandari na mwambao. Hata mali za kale zilizozama chini ya bahari ni jukumu lao. Na hawaishii kwenye maji ya chumvi, wako Ziwa Victoria pia.

Ni mzigo mkubwa kwa kikosi kichanga. Naomba tulikumbuke hilo tunapowalaumu, na leo nitawalaumu kidogo.

Watu wengi hudhani meli huanza kulindwa inapofunga kamba gatini. La. Kazi huanza ikiwa bado mbali sana. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, mataifa yalikubaliana kanuni mpya za usalama wa meli na bandari, zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Chini ya kanuni hizo, kabla meli haijaruhusiwa kuingia inaweza kutakiwa ieleze iko katika ngazi gani ya usalama na itaje bandari 10 za mwisho ilizotia nanga. Ngazi ziko tatu: ya kwanza ni ya siku zote, ya pili ni pale hatari imeongezeka, ya tatu ni pale shambulio linaelekea kutokea au limeshakaribia. Orodha ile ya bandari ina maneno mengi kwa anayejua kuisoma. Meli inayosema imetoka mahali fulani moja kwa moja, lakini siku zake za safari hazilingani na umbali, inabidi iulizwe ilikuwa wapi katikati. Meli iliyozima kile chombo kinachotangaza jina lake na mahali ilipo, inabidi iulizwe kwa nini ilizima.

Ikikubaliwa, rubani, yule anayeiongoza meli kuingia bandarini, anaipanda nje ya mlango. Wale wasiowahi kuona ngazi ya rubani, ni ngazi ya kamba yenye vipago vya mbao inayoning'inia ubavuni mwa meli. Wakati wa kusi, boti inapanda na kushuka na mawimbi, meli nayo inayumba, na mtu anatakiwa adake ngazi pale boti ilipofika juu kabisa, asichelewe hata kidogo, maana boti ikirudi juu itamponda miguu. Walinzi wa Pwani wanapokwenda kukagua meli iliyotia nanga nje huipanda hivyo hivyo, na mara nyingine ni usiku, na hawajui wanaowakuta juu ni watu wa namna gani. Nimewaona vijana wa hapa hapa pwani wakifanya kazi hiyo. Inahitaji moyo.

Wakiwa juu hawatazami karatasi tu. Wanatazama idadi ya mabaharia kama inalingana na orodha. Wanatazama mashimo ya minyororo ya nanga. Wanatazama ile nafasi iliyo juu ya usukani wa nyuma, ambapo vijana wanaotaka kwenda Ulaya hujibanza, na wengine hufa humo kwa maji, baridi na njaa. Wapiga mbizi nao hushuka kutazama tumbo la meli, maana wauza dawa za kulevya wamejifunza kufunga mzigo chini ya maji, hata ndani ya vyumba vinavyoingiza maji ya kupozea injini. Nahodha mwenyewe anaweza asijue amebeba nini.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo kwenye jambo la dawa za kulevya, kwa sababu si habari ya mbali kwetu. Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia ilikamata jahazi nje ya pwani yetu likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Julai mwaka huo huo ikakamatwa meli nyingine ya magendo, ikaletwa hapa Mombasa, na baada ya kupekuliwa kwa siku nyingi zikapatikana zaidi ya kilo 370 zimefichwa ndani ya tangi la dizeli. Mwezi wa nane Rais Uhuru Kenyatta akaja, meli ile ikapelekwa bahari kuu ikalipuliwa yeye akitazama. Wengi wenu mnaikumbuka. Lakini mkumbuke pia kwamba mzigo wa namna ile haushuki wote kwa kreni gatini mbele ya forodha. Jahazi kubwa husimama mbali, vyombo vidogo huufuata usiku, ukagawanywa, ukashushwa kwenye vichochoro vya mikoko na fuo ambazo hazina askari. Na hao mateja tunaowazika, watoto wa jirani zetu, walianza kuuawa pale, kwenye kile chombo kidogo kilichopita bila taa.

Nani atakiona chombo kile? Rada inaona vizuri chombo kikubwa cha chuma. Mtumbwi wa mbao au boti ya plastiki kwenye mawimbi ya kusi rada huipoteza kwa urahisi. Kile chombo cha kutangaza jina na mahali, sheria ya kimataifa inazilazimisha meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi na nchi, haiyalazimishi madau yetu. Basi anayekiona ni mvuvi. Na mvuvi haoni tu kwamba chombo kipo, anakisoma. Anajua sauti ya injini ya kila boti ya ufuo wake. Anaona dau limekaa chini majini kama limebeba samaki wengi, lakini sitaha ni kavu, hakuna magamba, hakuna sanduku la barafu, hakuna ndege anayelifuata, nyavu zimekunjwa vizuri hazijalowa. Anaona watu wamesimama badala ya kuketi. Kwake yeye dakika moja inatosha kujua kwamba hawa hawakutoka kuvua. Hakuna kamera ya kununuliwa itakayokupa elimu hiyo.

Sasa nije kwenye lawama, maofisa wangu mnisamehe.

Mwenye elimu hiyo hatawapa kama mnamwona ni mhalifu kabla hajafungua mdomo. Nimekaa na wavuvi jioni, na malalamiko ni yale yale. Mtu anasimamishwa, anaulizwa karatasi kwa ukali, mashine inachukuliwa, anaambiwa aifuate ofisini, na akifika ofisini haambiwi kosa lake. Niliwahi kumwona kwa macho yangu mzee wa watu akivuliwa heshima mbele ya wanawe wawili waliokuwa naye chomboni, kwa sababu alisogea mahali ambapo hakuna boya wala alama ya kumwambia asisogee. Idara ya chombo kile siitaji, na pengine aliyefanya vile alikuwa mchovu. Lakini wale vijana wawili waliona. Mkiwaletea namba ya simu leo ya kupigia taarifa, mnadhani wataipiga?

Na upande wa pili pia niseme. Kuna wavuvi wetu wanaovua ndani ya njia ya meli hasa, wanatega nyavu kwenye mkondo usiku wakiwa na tochi moja, meli ikija wanategemea itawakwepa. Meli ile haiwezi kuwakwepa! Rubani akiwa amesimama kule juu, pua ya meli na makontena vinamficha maji yote yaliyo mbele kwa mamia ya mita. Hakuoni kabisa. Na hata akikuona, meli iliyojaa mzigo inahitaji kilomita nzima na zaidi kusimama. Boti ya doria inapokuja kuwafukuza hapo, haiwaonei. Inawaokoa nyinyi, na inaiokoa ile meli isije ikazungusha usukani kwa ajili yenu ikapanda mwamba.

Kuhusu gati la mafuta, hapo sina mjadala. Msilisogelee. Oktoba 2000, pale Aden, boti ndogo ilisogea ubavuni mwa meli ya kivita ya Marekani iitwayo USS Cole kama boti nyingine yoyote ya bandarini, ikalipuka, wakafa mabaharia 17. Miaka miwili baadaye, nje ya pwani ya Yemen, boti ndogo nyingine ikalipua meli ya mafuta ya Limburg. Tangu hapo, dunia nzima askari wa bandari anapoona boti ndogo inaikaribia meli ya mafuta hana anasa ya kudhani ni mvuvi tu. Ana sekunde chache za kuamua, na akikosea upande wowote watu wanakufa. Usimweke katika hali hiyo kwa sababu ya changu na tafi.

Ila mkiwaambia wavuvi wasisogee, waonyesheni wapi wasogee. Bahari iliyochukuliwa na gati, na kina, na eneo la usalama, ilikuwa ni shamba la mtu. Kule Lamu, Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa jinsi ujenzi wa bandari mpya ulivyoharibu riziki yao. Naitaja kesi ile ili maofisa wajue kwamba mvuvi anapolalamika juu ya maji yake, sheria ilishawahi kumsikiliza.

Sasa feri yetu. Hapa Likoni hakuna asiyejua, lakini nataka muione kwa jicho la usalama wa bandari. Hakuna bandari nyingi duniani ambapo njia ya meli kubwa inakatwa katikati na kivuko kinachobeba watu laki tatu kwa siku. Meli inaingia kutoka mashariki, feri inakata kutoka kusini kwenda kaskazini, na mkondo wa bamvua unavuta vyote viwili. Kila siku mambo haya yanaenda sawa kwa sababu mnara wa bandari, rubani, nahodha wa feri na watu wa tagi wanazungumza kwenye redio. Siku yasipokwenda sawa, atakayehitajika ni Mlinzi wa Pwani, na atahitajika papo hapo.

Tazameni yaliyotokea Baltimore, Marekani, usiku wa tarehe 26 Machi 2024. Meli ya makontena iitwayo Dali, urefu wake kama mita 300, ilikuwa inatoka bandarini. Umeme ukakatika melini. Usukani hauna nguvu, injini imezima, na mbele kuna daraja kubwa la magari. Rubani hakupoteza muda. Aliita msaada, taarifa ikafika kwa polisi, wakafunga daraja pande zote mbili kabla halijagongwa. Daraja likaanguka. Mafundi sita waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara juu yake wakafa, Mungu awape jamaa zao faraja. Lakini magari yaliyozuiliwa kwa mwito ule yalinusurika. Baada ya hapo ikawa kazi ya Walinzi wa Pwani wa kule: kutafuta watu majini, kuyafunga maji yale ili vyombo visivyohusika visiingie, kuangalia mafuta na mizigo ya hatari iliyokuwa kwenye makontena, kuweka njia ndogo ndogo za muda ili vyombo vidogo vipite. Njia kuu ilirudi upana wake kamili tarehe 10 Juni. Hiyo ni nchi tajiri, yenye kreni kubwa kubwa, na ilichukua zaidi ya miezi miwili.

Sisi tuna kila sababu ya kufanya mazoezi ya siku kama hiyo. Meli imezima injini mbele ya Ras Serani, feri imejaa. Nani anapiga kengele? Feri inarudi upande gani? Boti ya doria iko wapi wakati huo, na inafika kwa dakika ngapi? Hayo yafanywe kwa vitendo, mchana na usiku, wenye boti za abiria na wavuvi wakiwemo, si kwa barua za ofisi.

Nasema hivi kwa sababu tumeshaonja. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, ikapinduka mita chache tu kutoka ufukweni. Watu 272 walikufa. Humu ndani wamo waliopoteza ndugu. Walioingia majini kwanza kuvuta watu walikuwa ni majirani na wavuvi kwa mitumbwi yao. Halafu Septemba 2019 gari likateleza kutoka kwenye feri hapa hapa Likoni, likazama na mama na binti yake, na nchi nzima ikakaa karibu wiki mbili ikitazama maji mpaka walipotolewa kutoka kina cha mita 58 hivi. Wapiga mbizi walifanya kazi ngumu mno, mkondo mkali na giza totoro chini, na mimi siwezi kuwatupia neno baya. Lakini uchungu wa siku zile ulitufundisha kwamba mlango huu unahitaji vifaa vya uokoaji vya kudumu, vilivyo hapa, na watu waliofunzwa kuvitumia, badala ya kuanza kutafuta vifaa msiba ukishaingia.

Kuokoa na kulinda si kazi mbili tofauti. Askari aliyemvuta mwanao kutoka majini, kesho akikuuliza umeona nini usiku, utamwambia. Ndiyo maana naona Walinzi wa Pwani wangeweka nguvu kubwa zaidi kwenye uokoaji, hata kwa maslahi ya ulinzi wenyewe.

Mafuta nayo nisiyapite. Mwaka 1988 tangi la mafuta mazito lilipasuka, mafuta yakaingia mkono wa bahari wa Makupa na kuua mikoko. Aprili 2005 meli ya mafuta ikavuja pale Kipevu, mikoko ya Port Reitz ikapakwa weusi. Mikoko ikifa, kamba na samaki wadogo hawana pa kukulia, na mama zangu mliokaa hapo ndio mnaokuja kukosa bidhaa miaka kadhaa baadaye bila kujua kisa kilianza wapi. Mafuta yakimwagika, saa za kwanza ndizo za thamani, kabla upepo na maji kujaa havijayapeleka kwenye mikoko. Mvuvi anayeona maji yana rangi za upinde saa kumi alfajiri akipiga simu pale pale, vizuizi vinaweza kutandazwa mapema. Akingoja kupambazuke atakuwa amechelewa.

Na huko nje, bahari kuu, tusijidanganye kwamba maharamia wamekwisha. Walitutesa sana mpaka mwaka 2011 na kidogo baadaye. Ilipofika tarehe 1 Januari 2023 kampuni za meli zikaondoa eneo letu kwenye orodha ya maji ya hatari kubwa, tukafurahi, maana bima ya meli hupanda na kushuka kwa orodha kama hizo, na bima ikipanda unga wa ngano unapanda. Machi 2024 tu, meli ya Bangladesh iitwayo MV Abdullah, imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo, ikatekwa pamoja na mabaharia wake 23, wakakaa mateka mwezi mzima. Kwa bahari kuu tegemeo ni manowari, zetu na za mataifa mengine. Lakini maharamia hutumia majahazi ya uvuvi yaliyotekwa kama mama wa vyombo vyao vidogo, na mara nyingi wa kwanza kuyaona majahazi hayo yakizurura ni wavuvi wanaokwenda mbali.

Vijana, nimesikia mkiuliza kama kuna nafasi za kazi. Zitatangazwa, ombeni. Ila msingoje sare ndipo mjifunze. Jifunzeni kuogelea sawasawa, maana nimeshangaa kuona watoto wa pwani wasiojua. Jifunzeni kutumia redio ya baharini, chaneli ya 16, ambayo ni ya mwito na dharura, si ya kusalimiana. Jifunzeni kusoma chati. Anayejua hayo anatafutwa na wengi, si kikosi kimoja.

Maofisa, nina maombi na ningependa myachukue kwa maandishi. Maji yasiyoruhusiwa kuvuliwa yawekewe maboya yanayoonekana mchana na yenye taa usiku, na ramani yake ichorwe kubwa na kubandikwa kwenye banda la kila ufuo, hapa Likoni, Mtongwe, Port Reitz, Tudor na Bandari ya Kale. Vyombo vyote visajiliwe na namba ipakwe kubwa puani, bure au kwa bei ambayo mwenye mtumbwi anaiweza, ili askari akiona namba ajue huyu ni wa ufuo fulani. Kila ufuo upewe afisa mmoja anayejulikana kwa jina na uso, akija anakaa chini na wazee. Chombo kikikamatwa, mwenyewe apewe karatasi inayosema kosa ni nini na ataonana na nani. Na anayeleta taarifa za magendo asitajwe popote, kwa sababu wauza dawa wana pesa na wana mikono mirefu, na mvuvi analala kwenye nyumba ya makuti.

Nanyi wavuvi, mkipewa hayo, nami nawadai yenu. Tokeni kwenye njia ya meli. Washeni taa. Vaeni jaketi za kuokolea, wekeni na za watoto wenu. Na mkiona dau kavu lililozama kwa mzigo, pigeni simu usiku ule ule.

Mimi nimemaliza. Wakati wa maswali umefika, na naomba maofisa wasiondoke mpaka la mwisho lijibiwe. Tuanze na wazee wa Mtongwe, kisha mama zetu wa samaki.